Jua la Asubuhi Mgongoni

Siku ya sita tangu washuke melini, Nei Ereata alikuwa ameshajua kuhesabu nguzo za maneaba, jumba la mikutano la kijiji, bila kugeuza shingo. Kila alipokwenda kisimani alipita ubavuni mwa jumba lile kubwa, macho kwenye ndoo, huku jicho la pembeni likifanya kazi yake: moja, mbili, tatu. Kijiji kizima kilijua kwamba anahesabu, naye alijua kwamba kinajua, na hakuna aliyefungua mdomo. Watu wa kisiwa hiki cha Onotoa wana adabu ya namna hiyo, adabu ya kukutazama huku unatapatapa. Walimsalimia, wakamuuliza hali ya mgonjwa, wakaendelea na shughuli zao.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa baba yake, Ten Tiaon, maana huko jina la mwanamume hutanguliwa na Ten na la mwanamke na Nei, kwa heshima. Alilala kwenye jukwaa la kibanda cha wageni, upande wa maji ya ndani, mahali ambapo kisiwa kimeyakumbatia maji yakatulia. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi wote. Muuguzi wa Gizo, kule Visiwa vya Solomoni walikotoka, alimwambia Ereata bila kuzungukazunguka: kikirudi mara ya pili, hakitamwacha. Siku zote alizokuwa mzima, Ten Tiaon alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia mpaka likawachosha watu. Alitaka azikwe kilipozikwa kitovu chake.

Kiwanja kilikuwapo, hatua mia mbili tu kutoka hapo alipolala. Tatizo ni kwamba kwa sasa kilikuwa mikononi mwa mwanakijiji mmoja, Ten Bauro, pamoja na minazi yake na mashimo yake ya magimbi, na kwa desturi ya visiwa hivi vya kusini mtu hazikwi kwenye kiwanja cha ukoo asio na nafasi nao ndani ya maneaba. Kila ukoo una mahali pake pa kukaa, chini ya nguzo yake, tangu enzi za mababu. Ukiwa na mahali pa kukaa, wewe ni mtu. Ukiwa huna, wewe ni mgeni, utalishwa vizuri na utaulizwa meli yako inaondoka lini.

Ten Tiaon aliondoka hapa mwaka wa thelathini na nane, akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Serikali ya Waingereza ilisema kisiwa kimejaa, ikawapakia watu kwenda Manra, katika Visiwa vya Finiksi. Manra mvua ikagoma. Ikawapakia tena, safari hii hadi Solomoni, kama mtu anayehamisha kuku kutoka banda moja kwenda jingine. Ereata alizaliwa Manra, akaondoka ana miaka saba. Sasa alikuwa na miaka thelathini, na mwaka jana, Wasolomoni walipopata uhuru wao, jirani yake mmoja alimuuliza, kwa nia njema kabisa, atarudi lini kwao. Swali lile lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Hakujua kwao ni wapi, lakini alimjua mtu aliyejua, na mtu huyo alikuwa anakufa.

Waliomjua Tiaon mtoto walikuwa wamekufa au walihamishwa pamoja naye, na hakuna aliyethubutu kuapa kwamba mzee huyu asiyesema ndiye yule. Na wazee wa kijiji walikuwa na sababu ya kuwa wagumu. Mwaka juzi alikuja mwanamume mmoja kutoka Tarawa, mwenye saa ya kung'aa na machozi ya karibu, akasema yeye ni mjukuu wa fulani aliyepotelea baharini. Aliingia maneaba akakaa pale pale panapotakiwa, hakupepesa. Watu wakalia, wakamkabidhi kiwanja. Baada ya miezi minne ikajulikana hana undugu hata na paka wa kijiji. Kumbe alikuwa amekaa wiki tatu kijiji cha pili akimnywesha mlevi mmoja tembo la mnazi na kumchota maneno. Aibu ile ilikuwa bado mbichi. Ndiyo maana Jumapili wazee waliamua hivi: Alhamisi, siku ya kupandisha bendera ya uhuru, watu wote watakuwa ndani ya maneaba. Ereata ataingia, atakaa. Hakuna ruhusa ya kumwonyesha. Akikaa sawa, baba yake ni wa hapa. Akikosea, meli inarudi Jumamosi.

"Kula, mwenzangu," alisema Nei Tiein, akiweka sahani ya samaki na kipande cha shelisheli cha kuchoma. "Tangu uje umekonda mpaka mimi najiona nimevimba."

Nei Tiein alikuwa mke wa Ten Bauro. Ndiye aliyekuwa akiwaletea chakula kila mchana, na Ereata hakuwa na hakika kama amshukuru au aonje samaki kwa ncha ya ulimi kwanza. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Nitakula, dada. Ngoja nimgeuze mzee."

Kwa maana Ten Tiaon alikuwa ameanza tena. Aliinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akafungua kiganja kikatazama juu, kisha akakigeuza kikatazama chini. Juu, chini. Alikuwa akimkazia binti yake macho na kutoa sauti kooni. Ereata akamshika bega na nyonga, akamlaza ubavu wa pili. Mzee akatulia kidogo, akahema, kisha mkono ukapanda tena. Kiganja juu, kiganja chini.

"Huyu naye!" alisema Ereata. "Nimekugeuza sasa hivi, baba. Unataka upande gani?"

"Alikuwa hivyo hata Gizo?" aliuliza Nei Tiein.

"Hapana. Kaanza asubuhi ya kwanza tuliyoamka hapa. Jua lilipochomoza tu, akaanza. Nadhani jukwaa linamuumiza."

Nei Tiein alimtazama mzee, akatazama nje, kwenye njia, akatazama na upande wa pili. Kisha akainama kana kwamba anaokota mwiba wa samaki.

"Kesho ukiingia," alinong'ona, "hakikisha jua linakupiga usoni. Umenisikia? Usoni. Maji ya ndani yawe nyuma yako. Mimi sijasema kitu."

Akachukua sahani ya jana, akaondoka kwa mwendo wa kasi ambao mwili wake haukuuzoea. Ereata akaisukuma sahani ya samaki pembeni.

Kwa sababu yeye alijua vingine. Alifundishwa Manra, akiwa na miaka mitano, sita, kila Jumapili kabla ya kanisa. Baba yake alipanga kokoto mchangani, safu mbili ndefu, zikawa nguzo za maneaba ya Onotoa ambayo binti hakuwahi kuiona. Akamkalisha ndani, miguu imekunjwa vizuri, akamhoji kama polisi.

"Jua liko wapi?"

"Mgongoni."

"Unahesabu kutoka mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Nguzo ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Na mtu akikuuliza nani kakwambia?"

"Namwambia babu kamwambia baba, baba kaniambia mimi."

Akikosea hata neno moja walianza upya, na uji ukapoa. Walipohamishiwa Solomoni mchezo ule uliisha, baba alitoka alfajiri kwenda kazini na kurudi amechoka. Lakini somo lilikuwa limeshaingia kwenye mifupa. Hata leo Ereata akikaa mahali popote asubuhi, joto la jua likamgusa mgongoni, moyo wake hutulia wenyewe.

Sasa huyu mwanamke anamwambia usoni. Mke wa Bauro! Mume wake ndiye atakayenyang'anywa mashimo ya magimbi mambo yakienda vizuri. Na Ereata alikuwa ameshachungulia: upande huo anaoambiwa ndiko Bauro mwenyewe anakokaa, karibu na nguzo ya tatu. Wanataka niende nikajikalishe ubavuni pake, aliwaza, aruke apige kelele kwamba mwizi wa pili kaja. Tena wakanilisha samaki kwanza!

Alimwinamia baba yake. "Baba, nisikilize. Jua mgongoni. Sivyo? Mgongoni."

Ten Tiaon akakaza macho mpaka yakatoka maji. Kiganja juu. Kiganja chini. Juu. Chini.

"Nitakugeuza, baba. Nitakugeuza. Usilie."

Alhamisi walipandisha bendera mapema, upepo ukiwa bado mpole. Ndege wa baharini juu, jua katikati, mawimbi chini. Mzungu wa wilaya alikuwa ameshaondoka na kiti chake, na mwalimu wa shule alisoma karatasi iliyosema kwamba kuanzia leo wao ni taifa la Kiribati, lenye rais wake na wimbo wake. Watu walipiga makofi. Halafu vijana wakaanza kubishana kama jua lile la kwenye bendera linachomoza au linazama, na mwalimu akakasirika.

"Linachomoza! Imeandikwa linachomoza!"

"Mbona basi halitembei, mwalimu?"

Walicheka, Ereata hakucheka. Alikuwa amemlaza baba yake ukingoni mwa kibanda, mto mgongoni, apate kuona maneaba. Asingeweza kumwingiza, mgonjwa asiye na nafasi huingizwa wapi? Ten Bauro alipita hapo amejifunga kikoi kipya, kifua mbele, mtu wa makamo mwenye sauti iliyozoea kusikika ng'ambo ya maji.

"Umelala salama, binti wa Solomoni?"

"Nimelala, Ten Bauro. Nashukuru."

"Vizuri. Nimemwambia nahodha akuwekee nafasi kivulini, kwa ajili ya mzee. Jumamosi bahari itakuwa shwari." Akatabasamu. Alikuwa anasema kweli kuhusu kivuli, na ndicho kilichomtisha Ereata zaidi. Bauro hakuwa na chuki naye. Alikuwa tu na hakika.

Paa la maneaba limeshuka chini mno, hakuna anayeingia bila kuinama, awe rais au mchuuzi. Ereata akainama. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya mikeka ya mkadi, na watu mia tatu waliokaa kimya, kila ukoo chini ya nguzo yake, katikati pameachwa wazi. Alikuwa ameshika kipande cha tumbaku ya kusokotwa cha kuwapa wazee, na kiganja chake kilikuwa kimelowa mpaka tumbaku ikaanza kutoa rangi. Mara moja alijaribiwa, tena sana, kuufuata ushauri wa Nei Tiein, amalize, liwalo na liwe. Lakini akimwamini mke wa Bauro akamwacha baba yake, amekuja kufanya nini basi?

Akajikaza. Akazunguka kwa nyuma ya watu, kiuno kimeinama, mpaka upande wa bahari ya nje. Akahesabu kutoka mkono wa kushoto wa mtu atakayekaa hapo. Moja. Mbili. Tatu. Palikuwa na upenyo mdogo kati ya bibi mmoja na wajukuu zake. Akakaa, akakunja miguu. Jua la asubuhi likapenya chini ya paa, likamgusa mgongoni, na moyo wake ukatulia wenyewe, kama ulivyozoea.

Yule bibi akavuta mkeka wake pembeni.

Alivuta kidogo tu, upana wa kiganja. Katika maneaba hakuna anayekuambia umekosea, watu huvuta mikeka. Wajukuu nao wakavuta. Duara la uwazi likamzunguka Ereata, yeye katikati, na jumba zima likawa linatazama sakafu.

Akainua macho, na hapo ndipo alipoona. Mbele yake, ng'ambo ya maneaba, chini ya ukingo wa paa, mwanga ulionyesha kibanda cha wageni. Baba yake alikuwa ameinua mkono. Kiganja juu, kiganja chini. Juu, chini, haraka haraka sasa, kama mtu anayezuia lori. Hakuwa anaumwa na jukwaa. Hakuwa ametaka kugeuzwa hata siku moja. Alikuwa akisema geuza. Geuza nilivyokufundisha, mwanangu, hapa ni kinyume, geuza!

Ereata alitaka ardhi ipasuke immeze. Siku sita baba alikuwa akisema naye, na yeye alikuwa akimpindua tu kama samaki kwenye makaa.

"Basi," alisema Ten Bauro kutoka upande wake, wala hakupaza sauti. "Tumeona wenyewe. Hatuna ugomvi na mtu. Wapewe chakula cha safari."

"Nani kamwaga chai?" iliuliza sauti nyingine, ya kukwaruza.

Ilikuwa ya Ten Kabiriera, mzee kuliko wote mle ndani, fundi seremala, kiziwi anapotaka, mgomvi wakati wote. Watu walimwogopa kwa sababu akianza kusema huwa hamalizi.

"Hakuna chai, mzee," Bauro alisema. "Mgeni kakosa mahali."

"Nimeona. Mimi si kipofu, ni kiziwi. Wewe binti! Nani kakwambia ukae hapo?"

Sauti ya Ereata ilitoka nyembamba. "Babu kamwambia baba, baba kaniambia mimi."

"Kakwambia mkiwa wapi?"

"Manra."

"Jua lilikuwa wapi?"

"Mgongoni."

"Na maji ya ndani yalikuwa wapi?"

Manra hapakuwa na maji ya ndani kama haya, palikuwa na ziwa la chumvi katikati ya kisiwa. Alifumba macho. Kokoto mchangani. Baba amechuchumaa mbele yake, na nyuma ya baba mawimbi makubwa ya nje yakipiga. Upepo ukitoka nyuma yake yeye, ukimletea kisogoni harufu ya ziwa, ya matope ya chumvi na ndege.

"Mgongoni," alisema. "Jua na ziwa, vyote mgongoni."

Ten Kabiriera akapiga paja lake kofi lililowashtua watoto.

"Nilikaa Manra miaka mitatu nikiwapigia watu misumari!" alisema. "Kijiji kipo upande wa machweo, ziwa lipo upande wa macheo. Kila kitu kinyume na hapa. Wiki ya kwanza nilikwenda kuoga maji ya ndani nikajikuta nimepigwa na wimbi la nje, nusura nife uchi! Mtoto wa hapa akipelekwa kule, akakaa kama alivyokalishwa na baba yake, maji ya ndani nyuma, jua linahamia mgongoni. Hakukosea yeye. Kisiwa ndicho kiligeuka."

"Mzee wangu, heshima yako," alisema Bauro, "lakini kukosea ni kukosea. Tulikubaliana."

"Yule wa saa alikosea?"

Mtu mmoja alikohoa.

"Nauliza. Yule jambazi aliyekuliza wewe, Bauro, ukamfutia kamasi kwenye shati lako, alikosea?"

"Hakukosea, mzee."

"Alikaa barabara, kama rula. Kwa sababu aliuliza hapa. Anayeuliza hapa ataambiwa ya hapa. Hili kosa la huyu binti," alimnyooshea Ereata kidole kilichopinda, "hebu niambie angelipata wapi? Nani hapa angemfundisha kukosea hivi? Huwezi kulinunua kwa tembo. Ligeuze zima zima, uone litaangukia wapi."

Watu mia tatu wakageuza vichwa kwa pamoja. Nguzo ya tatu, mkono wa kushoto, upande wa maji ya ndani. Palikuwa na mkeka mtupu pale, umekunjwa nusu, ubavuni mwa Ten Bauro. Nei Tiein, nyuma ya mumewe, alikuwa anatazama paa kana kwamba linavuja.

"Na msinitazame hivyo," Kabiriera aliendelea, maana alikuwa hajamaliza. "Leo mmepiga makofi Kiribati, Kiribati. Kiribati ni nini? Ni Gilbert, walivyoviita visiwa hivi Wazungu, jina la nahodha wao aliyepita hata hakushuka. Babu zetu walishindwa kulitamka wakalikosea, wakalikosea, mpaka likawa letu. Leo limo kwenye wimbo. Inuka, binti. Toka nje, uzunguke, uingie tena. Na usikatize katikati, nitakupiga."

Ereata alitoka ameinama, akazunguka maneaba nje, juani. Akainama tena upande wa pili. Ten Bauro hakumtazama. Alitazama mbele kama mtu anayeiona nusu ya minazi yake ikimtoka. Kisha akanyoosha mkono, akaukunjua ule mkeka uliokunjwa, akaupangusa mchanga.

"Kaa," alisema.

Alikaa. Jua likampiga usoni, kali, akashindwa kuona mtu hata mmoja. Nyuma yake alimsikia Nei Tiein akipenga kamasi. Alichotaka kwa wakati huo ni kumfikia baba yake tu, lakini desturi haikumruhusu kuinuka mpaka wazee waivute ile tumbaku aliyowapa, nao waliivuta polepole.

Bauro ndiye aliyesema mgonjwa aletwe, akaenda mwenyewe akashika pembe moja ya mkeka. Walimwinamisha Ten Tiaon chini ya paa, wakamlaza chini ya nguzo ya tatu, kichwa karibu na goti la binti yake. Mkono wa kushoto ulikuwa bado unapanda na kushuka, sasa kwa uchovu.

Ereata aliukamata hewani, akaulaza kiganja chake juu ya kiganja cha baba.

"Nimegeuza, baba," alisema. "Jua liko usoni."

Mzee akatazama nguzo. Akaitazama kutoka chini hadi paa lilipoanzia, kama mtu anayesoma. Akapumua, pumzi ndefu, na mkono ukawa mzito. Alikuwa amelala vibaya, bega moja limepinda chini yake, mtu yeyote angeona, na Ereata kwa mazoea ya siku sita akamshika bega.

"Nikugeuze?"

Mkono haukuinuka.